Kuzuia ngumi kunaanzia miguuni: uzi wa wanaopigana kumite, pambano la karate

Mbuyu wa Chumbageni

Wakuu, habari za jioni.

Jana dojoni, ukumbini kwetu kwa mazoezi hapa Tanga, kijana wa mkanda wa njano amepasuka mdomo. Hakupigwa kwa nguvu. Mwenzake alinyoosha mkono wa mbele tu, ngumi ya kawaida, naye akafanya kile anachokifanya kwenye kihon (mazoezi ya msingi) tangu Januari: mkono ukaanzia kiunoni, ukapita mbele ya kifua, ukapanda juu ya paji la uso. Age-uke safi, yaani kuzuia kwa kupandisha mkono, ya kwenye mtihani. Ila ulipofika juu ngumi ilikuwa imeshatua na imesharudi kwa mwenyewe. Matone matatu ya damu kwenye gi, vazi letu jeupe, na yeye bado amesimama mkono uko juu. Akaniuliza, "Sensei, si ndivyo tunavyozuia?"

Nimelala na swali hilo. Huu ni mwaka wangu wa 14 wa kufundisha, na kosa ni langu. Nilimfundisha umbo la mkono, miguu nikamwachia aitafute mwenyewe. Naomba leo tuzungumze kuzuia kwa kirefu, maana naona madojo mengi tunakosea hapohapo.

Tuanze na jina. "Uke" linatokana na kitenzi cha Kijapani "ukeru", maana yake kupokea. Waliolipa jina hilo hawakuwa wanafikiria ukuta. Vijana wanaopakua mchele kwenye lori wanalijua hili kuliko sisi: gunia likirushwa hukazi mikono ukaganda, unarudi nalo hatua, unaligeuza, unalitua. Ngumi inapokelewa hivyohivyo.

Sasa itazame age-uke upya. Ina mikono miwili. Kuna ule unaonyooshwa mbele kabla haujarudi kiunoni, ambao wengi tunauita "maandalizi" na kuupita haraka. Huo ndio unaopangua. Uko mbele tayari, safari yake ni fupi, unaigusa ngumi kwa kiganja na kuipitisha kando ya sikio. Mkono wa pili, ule unaopanda kwa mbwembwe, unafika wakati ngumi imeshapita. Kazi yake ni kumkuta mwenzako chini ya kidevu, au kuinua kiwiko chake ili mbavu zibaki wazi. Ukimfundisha mtu kwamba mkono wa pili ndio wa kuzuia, umemfundisha kuchelewa.

Kuna na suala la muda. Jicho likiona na mkono ukaanza kujibu, inapita kama robo sekunde hivi, hata kwa kijana mwenye afya. Ngumi ya mkono wa mbele iliyotoka karibu haikupi muda huo. Maana yake ukiwa ndani ya umbali wa mkono wa mwenzako na unangoja uione ngumi ndipo uzuie, umeshapigwa. Hakuna mazoezi ya mkono yatakayokuokoa hapo. Kinachokuokoa ni kusimama mahali ambapo hawezi kukufikia bila kupiga hatua. Hatua ya mguu unaiona. Nyonga inaonekana, bega linaonekana. Hapo umejipatia muda.

Kwa hiyo Jumamosi nitaanza na zoezi hili, nawaomba mlijaribu. Wawili wanafungua mkanda mmoja, kila mtu anashika ncha yake usawa wa kitovu, mkanda umenyooka. Mmoja anaongoza, anakwenda mbele, nyuma, kando, ghafla anasimama. Mwingine anamfuata na mkanda usilegee wala usichomoke mkononi. Dakika tatu, bila ngumi hata moja. Mtaona jasho. Baada ya hapo mnaweka mkanda chini, mnaendelea kana kwamba bado mmeushika, na anayeongoza anaruhusiwa kugusa bega la mwenzake kwa kiganja. Kijana wangu wa jana angefanya hili mwezi mmoja kabla ya kumite, mdomo wake ungekuwa mzima.

Karibuni.

---

Jebu la Manzese

Mkuu umeongea. Mimi ni wa ngumi, karate sijawahi kuvaa gi, lakini hili la miguu kocha wetu marehemu alikuwa anaturudia kila siku: "Mkono ni wa mwisho kufika."

Niongeze la upande wetu. Sisi jebu, ngumi ya mkono wa mbele, hatulipandishii mkono, tunalipangua kwa kiganja cha mkono wa nyuma, tena kidogo sana, upana wa vidole vinne unatosha. Kosa la wageni ni kuifuata ngumi. Ngumi imekuja puani, yeye anaipangua hadi begani, na mpinzani akiwa mjanja jebu la pili ni la uongo, anapangua hewa, halafu mkono wa kulia unapita mlango aliouacha mwenyewe. Mkono uguse na urudi shavuni. Ukitoka nao umetoka na nyumba yako.

Lingine, macho. Usiangalie glovu. Angalia pale kifua kinapokutana na shingo, hapo unaona mabega yote mawili na nyonga kwa pamoja. Glovu inadanganya, bega ni gumu kulidanganyisha.

---

MkandaMweupe21

Shikamooni walimu. Nina miezi minne. Tatizo langu ni kwamba ngumi ikija nafumba macho na kugeuza uso pembeni. Najua ni vibaya na najitahidi, lakini inakuja yenyewe. Nifanyeje? Nimeanza kujiona sifai.

---

Mbuyu wa Chumbageni

Marahaba mdogo wangu. Unafaa. Kufumba macho kitu kikija usoni ni mwili unalinda jicho, kila mtu amezaliwa nako, na kunaondoka kwa kuzoeshwa taratibu. Mwambie mwenzako avae glovu kubwa, akae mbele yako, akuguse paji la uso. Akuguse tu, kama anayebisha hodi kwenye mlango wa mgonjwa. Mikono yako iwe chini, usizuie. Kazi yako ni kumhesabia kwa sauti: moja, mbili, tatu, hadi hamsini, macho wazi. Ukifumba, anza upya. Wiki ya pili aongeze kasi kidogo, nguvu hapana. Wiki ya tatu uanze kupangua.

Na toa pumzi kila unapoguswa. Wengi wanaofumba macho wamebana pumzi, ukiwafungua pumzi na macho yanafunguka. Halafu kinga ya meno uvae hata kwenye zoezi hili dogo.

---

Konde Zito

Kwa heshima zote sensei, mimi naona mnawalea watu kama mayai. Mdomo kupasuka ndiyo shule yenyewe. Kwetu tulipigana raundi kamili tangu wiki ya kwanza, anayebaki anabaki. Mtu akizoea kuguswaguswa, siku akikutana na ngumi ya kweli ataganda. Gohon kumite, hatua tano mtu anakuja na ngumi ileile na anaiacha mkono umenyooka ili uuzuie, hiyo inamwandaa mtu kwa nini? Barabarani nani atakuachia mkono?

---

Mbuyu wa Chumbageni

Konde Zito, la gohon kumite nakubaliana nawe nusu. Ni ngazi ya chini. Zinafuata hatua tatu, kisha moja, kisha ile ya jiyu-ippon ambapo mshambuliaji anataja anachopiga lakini anachagua mwenyewe lini na kutoka wapi, ndipo kumite huru. Ubaya ni kwamba tunawakalisha watu kwenye ngazi ya kwanza miaka miwili halafu tunawarusha ya mwisho siku moja. Jiyu-ippon ndiyo imesahauliwa, na kwa maoni yangu ina thamani kuliko zote. Unajua inakuja mae-geri, teke la mbele, tumboni, hujui lini. Hapo ndipo mtu anajifunza kusoma hatua.

La pili sikubaliani, na nitasema kwa nini.

Nikiwa na miaka 19 nilifanya mazoezi mahali ambapo ilikuwa hivyo unavyosema. Sitapataja. Rafiki yangu, tulikuwa tunashiriki glovu moja kwa zamu, alipigwa ngumi ya kulia akaanguka, macho yakaenda juu. Alizinduka baada ya muda mfupi, akacheka, akasema yuko sawa. Akarudishwa kesho yake jioni, raundi tatu. Alipotoka alikuwa anafunga kamba za viatu, akafunga, akafungua, akafunga tena, mara nne, hajui kama ameshafunga. Nilikaa pembeni yake kwenye benchi nikimwangalia vidole. Hakuna aliyemwambia apumzike. Mwaka ule wote alikuwa anaumwa kichwa, na jua la saa sita hakuliweza. Leo ana familia, mzima, namshukuru Mungu. Lakini zile kamba naziona hadi leo kila mwanafunzi wangu anapopigwa kichwani.

Ubongo hauoti sugu, kaka. Ugoko unakomaa, ngozi ya konde inakomaa, tumbo linakomaa. Ubongo haukomai. Ukitikisika na ukatikiswa tena kabla haujapona, madhara ni makubwa zaidi ya mara ya kwanza, na kuna waliokufa hivyo. Mtu akipoteza fahamu hata kidogo, akichanganyikiwa, akitapika, akisahau raundi iliyopita, hiyo siku imeisha kwake, anapelekwa hospitali, na hashiki glovu hadi daktari aseme.

---

Teke254

Naunga mkono. Hapa Kenya sote tunamkumbuka Robert Wangila. Seoul 1988, dhahabu ya uzito wa welta, hadi leo ndiye Mkenya pekee aliyepata dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha. Mwaka 1994 akafariki baada ya pigano Las Vegas. Huyo alikuwa bingwa, si mtoto wa wiki ya kwanza. Kama kichwa cha Wangila kilikuwa na mwisho, cha mwanafunzi wako kina mwisho pia.

Na watu wasidanganywe na kofia ya kinga. Inasaidia usichanike nyusi na usiumie sikio. Mtikisiko wa ubongo inauacha uendelee. Ndondi za ridhaa za wanaume ziliiondoa mwaka 2013, na Rio 2016 wanaume walipanda ulingoni bila hiyo kofia, mara ya kwanza tangu 1980.

Mimi ni wa taekwondo. Ningependa kuongea kuhusu mateke kwa sababu mnaongea ngumi tu. Kwetu mikono hukaa chini, na watu wa ndondi hutucheka. Lakini sheria zetu haziruhusu ngumi usoni. Ngumi ya kifua ni pointi moja, teke la mwili mbili, la kichwa tatu. Mtu hulinda kinacholipwa. Shida huja tukienda kusparia, yaani kupigana kwa mazoezi, na watu wa mchezo mwingine na tabia ileile. Mara ya kwanza nilipoingia na bondia nililambwa jebu nne kabla sijainua goti. Kabla hujakubali kusparia na mtu, uliza mnatumia sheria gani, halafu upange gadi yako, namna unavyokaa kujilinda, kwa sheria hiyo.

---

Jebu la Manzese

Teke254 hapo kwenye mateke nisaidie. Teke la mzunguko la paja nalizuiaje? Huwa nashusha mkono.

---

Teke254

Usishushe mkono, kocha! Mambo mawili yatakupata. Kwanza, mfupa mwembamba wa mkono unakutana na ugoko, na ugoko hushinda. Pili, anayejua ataanza kama anapiga paja, ukishusha mkono anageuza goti juu na teke linafika shavuni.

Watu wa Muay Thai, ndondi za Thailand zenye mateke, ndio walimu wa hili. Unainua goti, unaligeuza nje kidogo kulielekea teke, kidole gumba cha mguu kimevutwa juu ili misuli ya mbele ikaze, na unapokea kwa ugoko pale juu, karibu na goti, ambapo mfupa ni mnene. Mikono ibaki usoni. Anayepiga akikutana na sehemu hiyo kwa katikati ya ugoko wake, yeye ndiye anaumia. Desemba 2013 Anderson Silva, mpiganaji wa MMA (ngumi, mateke na mieleka pamoja), alivunjika mguu hivyo, mpinzani wake Chris Weidman aliinua goti tu. Na Aprili 2021 Weidman naye akavunjika vilevile, teke lake la kwanza kwa Uriah Hall. Kwa hiyo mazoezini hili lifanywe na kinga za ugoko, na polepole. Hata Wathai wenyewe, wanaopigana mara nyingi kuliko sisi sote, wakisparia wao kwa wao huwa laini sana. Ukiwaangalia utadhani wanacheza.

Teke la tumboni unalipokea kwa kurudi nusu hatua na kulifagia kando kwa mkono, kisha unaingia. Teke la kichwa usilikinge kwa mkono mmoja umesimama palepale. Ingia ndani yake, paja haliumizi kama ugoko, au toka kabisa.

---

Binti Shela

Assalaam alaykum. Mimi si wa karate, ni msomaji tu. Lakini nimetabasamu hapo mliposema msiangalie glovu.

Kwetu Lamu kuna kirumbizi, ngoma ya fimbo, hutezwa harusini na siku za sherehe. Wawili huingia katikati na fimbo zao, wakarushiana na kukingana kwa mwendo wa ngoma. Babu yangu mzaa mama alikuwa hodari sana. Nilipokuwa mdogo alimfundisha kaka yangu uani, na neno lake lilikuwa moja: "Fimbo iwate (iache), angalia bega." Na alikuwa hasimami wima kuipokea. Mguu ulikwenda kando kwanza, fimbo yake ikaja baadaye ikaigusa ya mwenzake, tak, ikateleza. Sauti ikiwa kubwa alikasirika, akisema huko ni kukata kuni.

Nimesoma uzi wenu nikamwona yeye.

---

Mbuyu wa Chumbageni

Waalaykum salaam dada Binti Shela. Mungu amrehemu babu. "Huko ni kukata kuni" nitaichukua dojoni kwa ruhusa yako, maana ndiyo sauti ninayoisikia kila siku, mikono inagongana hadi vijana wanarudi nyumbani na vivimbe.

---

Konde Zito

Nimesoma yote. La kamba za viatu limenigusa, sitabisha. Ila swali langu lile bado lipo: mtu aliyeguswaguswa tu, atajuaje kupiga kweli? Nguvu ataitoa wapi?

---

Mbuyu wa Chumbageni

Swali zuri na halali, kaka.

Nguvu itafute kwenye begi na kwenye pedi. Huko piga mpaka mwisho, hakuna ubongo wa mtu. Vidokezo vichache. Ngumi itue kwa konde mbili za kwanza, ya kidole cha shahada na cha kati, mkono na kiganja viwe mstari mmoja. Anayepiga kwa konde za mwisho anavunja mfupa wa kidole kidogo, nimeona wengi, hasa wanaopiga ngumi za kuzungusha bila kugeuza kiwiko. Bandeji za mikono usiache hata kama begi ni laini. Na nguvu inatoka kwenye kisigino cha nyuma kinaposukuma ardhi na nyonga kugeuka. Bega ni njia ya kupita tu. Ukitaka kujua kama unapiga kwa bega, mwambie mtu akuwekee kiganja kwenye nyonga wakati unapiga gyaku-zuki, ngumi ya mkono wa nyuma. Kama hakisukumwi, unapiga kwa bega.

Macho, umbali na wakati utafute kwenye sparingi nyepesi. Kasi kamili, nguvu asilimia 30. Hapo mtu anaweza kukosea mara mia jioni moja na kesho akarudi. Kwenye sparingi nzito atakosea mara tatu, kisha atajikunja ajilinde, na aliyejikunja hajifunzi chochote isipokuwa kuvumilia.

Halafu mara chache, kwa wanaojiandaa na mashindano, wazito sawa, glovu za aunsi 16, kocha yuko ndani na si pembeni akiongea na simu, raundi moja au mbili za nguvu zaidi. Nasema mara chache na namaanisha. Siku hiyo huwa nawaambia wote kwamba anayemwangusha mwenzake hajashinda kitu.

Kudhibiti pigo ni ufundi pia. Fainali ya kumite ya wanaume wazito, Olimpiki ya Tokyo, 7 Agosti 2021 pale Budokan. Tareg Hamedi wa Saudia alikuwa anaongoza 4 kwa 1. Akarusha teke la kichwa, likamlaza Sajad Ganjzadeh wa Iran hadi akatolewa kwa machela. Waamuzi wakasema teke halikudhibitiwa, Hamedi akaondolewa, na aliyekuwa amelala ndiye aliyepewa dhahabu. Watu walibishana sana, na wengine hawataki karate ihukumiwe hivyo. Mimi nasimama na waamuzi. Kwenye karate ya kugusa, anayeweza kufikisha teke kichwani kwa kasi ile na kulisimamisha kwenye ngozi amefanya jambo gumu zaidi ya kumlaza mtu.

---

MkandaMweupe21

Mwalimu, nimefanya lile la kugusa paji la uso na kaka yangu jioni hii. Mara ya kwanza nilifika saba. Mara ya mwisho thelathini na moja.

---

Jebu la Manzese

Safi sana mdogo wangu. Kesho anza na moja tena.

---

Mbuyu wa Chumbageni

Mrejesho, wakuu. Jumamosi imepita. Yule kijana wa mdomo alikuja, mshono mmoja bado upo, nikamweka kwenye mkanda na binti wa mkanda wa kijani ambaye ana miguu mepesi kuliko wote. Dakika ya kwanza mkanda ulimlegea kila hatua, alikuwa anaangalia mikono ya mwenzake. Nikamwambia aangalie kifua. Kufikia dakika ya tatu binti alisimama ghafla naye akasimama palepale, mkanda umekaza kama kamba ya kuanikia nguo.

Ngumi hatukumpa. Jumanne tutaongeza kugusa bega.